Mabamba ya Chuma Sugu kwa Roboti za Mapigano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaojenga roboti za mapigano, yaani zile zinazoongozwa kwa rimoti na kupambanishwa ulingoni, nyumbani au kwenye karakana ndogo, wenye grinda na drili lakini wasio na kiwanda. Maswali mengi yanayoulizwa kuhusu chuma hiki yana jibu moja nyuma yake: joto. Ukilielewa hilo, nusu ya ukurasa utaweza kuibashiri mwenyewe.

## Misingi

Chuma sugu ni chuma gani hasa?

Ni bamba la chuma lenye kaboni kiasi, manganisi, na viungo vingine vichache kama kromi na boroni. Kiwandani hupashwa moto hadi liwe jekundu, kisha hupoozwa ghafla kwa maji. Ugumu unaoulipia umetokana na kupoozwa huko. Viungo husaidia tu. Ukilipasha moto tena kupita kiasi, viungo vitabaki lakini ugumu utakuwa umeondoka.

Halikutengenezwa kwa ajili ya roboti. Lilitengenezwa kwa ajili ya mawe: sakafu za tipa, ndoo za ekskaveta, mashine za kusaga kokoto. Jina linalosikika zaidi ni Hardox, la kampuni ya SSAB ya Sweden. Mengine ni Dillidur, Quard na Creusabro ya Ulaya, na Bisalloy ya Australia. Marekani watu husema tu AR400 au AR500; AR ni kifupi cha "abrasion resistant", yaani sugu kwa kulika.

Namba 400, 450, 500 na 600 zinamaanisha nini?

Ni ugumu kwa kipimo cha Brinell, kwa makadirio. Hardox 450, kwa mfano, huwa kati ya 425 na 475. Chuma laini cha kuchomelea mageti kiko karibu na 120 hadi 150. Kwa wanaotumia kipimo cha Rockwell C, 450 ni karibu 47 na 500 ni karibu 51.

Angalizo kuhusu AR: herufi hizo si kiwango kinachombana mtengenezaji. Namba inakuambia ugumu basi. Haikuambii kemia wala jinsi bamba litakavyovumilia pigo. Mabamba mawili ya AR500 kutoka kwa wauzaji wawili yanaweza kutofautiana, moja likakunjika vizuri na lingine likapasuka.

Nianze na namba ipi?

450. Najua wengi wanaitaka 500 kwa sababu namba ni kubwa, na 600 kwa sababu ni kubwa zaidi. Lakini kadiri ugumu unavyopanda, ndivyo bamba linavyokaribia kuvunjika badala ya kupinda, na ndivyo biti zako zinavyoisha. 450 inatoboleka kwa drili ya kawaida ya kusimama, inakunjika, inachomeleka, na bado ni imara mara kadhaa kuliko chuma laini. 500 inafaa kwa bapa, yaani ile silaha ya roboti inayozunguka na kugonga, hasa kama utakatiwa na mashine. 600 waachie wenye migodi.

Kwa nini nisitumie chuma cha kawaida tu, kiwe kinene zaidi?

Kwa sababu ya uzito. Chuma laini huanza kupinda moja kwa moja kwenye mkazo wa megapaskali 235 hadi 275; Hardox 450 huvuka 1100. Yote mawili yana uzito uleule, kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba yenye unene wa milimita 1. Tena kabari, yaani uso wa mbele ulioinama wa kumpandisha mpinzani, ikiwa ya chuma laini na ikishang'olewa kipande kidogo ukingoni, bapa la mpinzani litapata pa kushika kila likipita.

Basi roboti nzima niijenge kwa chuma sugu?

Hapana. Piga hesabu kwanza. Bamba la mm 3 la chuma lina uzito sawa na titani ya daraja la 5 yenye unene wa mm 5.3, au aluminiamu ya 7075 yenye unene wa mm 8.4. Ukakamavu wa bamba dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa unene, kwa hiyo kwa uzito uleule fremu ya aluminiamu itakuwa ngumu kupinda kuliko ya chuma chembamba. Chuma sugu kiweke pale panapogongwa tu: ukingo wa kabari, uso wa ngao, bapa. Kwingine kote kinakula uzito ambao ungeutumia kwa betri na mota.

Unene gani kwa daraja langu la uzito?

Roboti za gramu 150 za Uingereza kwa kawaida hazibebi kinga ya zaidi ya mm 1, na hata hiyo ni kwa kipande kidogo cha mbele. Zile za pauni 3 za Marekani, yaani kilo 1.36, hutumia mm 2 hadi 3 kwa kabari na mm 4 hadi 6 kwa bapa. Za kilo 13.6 zinaweza kuvaa mm 4 hadi 6 mwilini, na bapa nene zaidi. Ukifika kwenye pauni 250 za BattleBots, mashindano ya televisheni ya Marekani, hauko tena kwenye ukurasa huu.

## Kulipata

Nitalipata wapi bila kununua bamba zima?

Ulaya na Marekani kuna wauzaji wanaokata kulingana na mchoro wako na kukutumia vipande. Afrika Mashariki, nenda kwa wanaotengeneza bodi za tipa na wanaofufua ndoo za ekskaveta, au karakana zinazohudumia machimbo ya kokoto na migodi kama ya Geita. Waulize mabaki. Kipande ambacho kwao ni takataka ya kupeleka kwenye chuma chakavu, kwako ni kabari tatu.

Ila angalia kimekatwaje. Kama ukingo ulikatwa kwa gesi, ondoa mm 10 hadi 15 za mwanzo, kwa sababu hapo ugumu umeshakufa. Na usichukue kipande kilichovuliwa kutoka kwenye ndoo iliyochakaa: kina makovu ya kuchomelea na nyufa ambazo macho hayazioni.

Nitajuaje kama nimeuziwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi?

Sumaku haitakusaidia, vyote vinashikwa. Tafuta maandishi: mabamba ya kampuni kubwa huchapwa jina na namba yakijirudia juu ya rangi ya kiwandani. Kama hakuna, beba tupa mpya. Kwanza ipitishe kwenye chuma laini unachokijua. Itauma na kutoa unga. Kisha ipitishe kwenye bamba unalouziwa, mbali na ukingo uliokatwa kwa moto. Kwenye 400 itakwaruza kwa shida. Kwenye 500 itateleza kwa sauti nyembamba, na utaona alama inayong'aa badala ya mfereji.

Springi za lori zinaweza kuchukua nafasi yake?

Kwa bapa, ndiyo, na mafundi wetu wanazijua tangu zamani kwa mapanga na tindo. Springi ni chuma chenye kaboni zaidi, na ugumu wake wa kazi unakaribia ule wa 400 hadi 450. Tatizo ni historia yake. Jani la springi lililobeba mchanga miaka kumi limechoka, na uchovu wa chuma hujificha kwenye nyufa ndogo. Kipime kwanza kwa njia iliyo kwenye swali la nyufa, sehemu ya mwisho.

## Kukata

Njia ipi ya kukata ni bora?

Jeti ya maji yenye mchanga wa ganeti. Haitoi joto la maana, kwa hiyo bamba linatoka gumu hadi ukingoni. Ni ghali, na katika miji mingi haipo.

Leza inafuata: eneo lililoathiriwa na joto huanzia chini ya mm 1 na linaweza kufika mm 3, kutegemea unene. Plazma huathiri mm 2 hadi 5. Gesi ya oksijeni na asetilini huathiri mm 4 hadi 10, na kwa vipande vidogo vya roboti hesabu hiyo ni ya matumaini, kwa sababu kipande kizima hupata moto na hakuna chuma cha pembeni cha kuunyonya. Bapa lenye upana wa mm 30 likikatwa kwa gesi pande zote mbili, halina tena katikati iliyo ngumu ya kuitegemea.

Ninayo grinda tu. Inawezekana?

Inawezekana, na roboti nyingi nzuri zimekatwa hivyo. Chukua diski ya kukatia ya mm 1, ya kipenyo cha 115 au 125. Diski nene inatoa joto zaidi kwa sababu inasaga chuma kingi zaidi. Soma tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye pete ya chuma katikati ya diski. Gundi ya diski huchoka, hasa ikikaa kwenye unyevunyevu, na diski ya mm 125 huzunguka zaidi ya mara 11,000 kwa dakika.

Banisha bamba kwenye jiliwa au kwa klempu mbili. Usijaribu kupenya unene wote kwa mkupuo mmoja. Chora mstari kwa kupitisha diski taratibu mwanzo hadi mwisho, mfereji wa nusu milimita hivi, kisha rudia. Kila mpito ni mfupi, na kati ya mipito gusa bamba karibu na mstari kwa mkono. Likikulazimisha kuondoa mkono, pumzika au mwagia maji baada ya kuzima grinda na kuiweka mbali. Kwa bamba la mm 4 utachoka kabla hujamaliza, na hilo ni jambo zuri: kasi ndiyo inayounguza.

Kata nje ya mstari kwa mm 1, kisha malizia kwa diski ya msasa. Ile milimita ya nje ndiyo iliyopata moto zaidi. Kwenye kona za ndani toboa tundu kwanza, ndipo ukate kuelekea kwenye tundu hilo. Kona kali ya ndani ni ufa unaosubiri pigo.

Vaa miwani na ngao ya uso juu yake. Cheche zinayeyukia kwenye vioo, kwa hiyo geuza upande usio na gari la jirani.

Ukingo umegeuka buluu. Nimeliharibu?

Hapo penye buluu, ndiyo. Rangi hujitokeza kwenye uso uliosafishwa: njano iliyofifia karibu na nyuzi 220 za Selsiasi, kahawia karibu na 250, zambarau karibu na 280, buluu karibu na 300. Mtengenezaji wa Hardox anaweka mpaka wa 250 kwa 400, 450 na 500; ukiuvuka, ugumu huanza kushuka. Njano si msiba. Buluu ya ukingoni yenye upana wa mm 1 isage tu uiondoe, bila kuunguza upya. Buluu iliyoenea upande wa pili wa bamba inamaanisha umebaki na chuma kizuri cha kutengenezea kitu kingine.

Msumeno wa mkono, au mashine ya kukatia mabati?

Msumeno wa mkono kwenye 400 ni adhabu, kwenye 500 ni kupoteza msumeno. Mashine ya kukatia mabati imepimwa kwa chuma laini. Chuma sugu kinadai nguvu mara tatu hivi. Mashine iliyoandikwa mm 6 ukiitia bamba la mm 6 la Hardox utamlipa mwenye mashine visu vipya.

## Kutoboa

Biti inazunguka, inalia, haiingii. Nifanye nini?

Simama sasa hivi. Biti inayosugua bila kukata inazalisha joto bure, na ncha yake imeshakufa au inakufa.

Karibu kila mara sababu ni mwendo. Watu huongeza kasi kuona biti haiingii, punguza. Kwa 450 ukitumia biti ya kobalti, lenga mwendo wa mita 7 kwa dakika kwenye ukingo wa biti. Kwa biti ya mm 6 hiyo ni mizunguko 370 kwa dakika, kwa mm 10 ni 220. Kwa 500 shuka hadi mita 5: mizunguko 265 kwa biti ya mm 6. Drili ya mkononi mara nyingi haiwezi kushikilia mwendo huo kwa nguvu, kwa hiyo tafuta ya kusimama.

Halafu bonyeza. Biti lazima ichimbe muda wote; unataka kuona nyuzi za chuma zikitoka, si unga. Tumia biti fupi, isiyocheza. Bamba libanwe juu ya kipande cha chuma laini ili biti isikwame inapotokea upande wa chini. Weka mafuta ya kukatia, na yakikosekana hata mafuta ya injini ni afadhali kuliko kavu. Usianze na tundu dogo la kuongoza kisha ukapanua hatua kwa hatua: kila biti mpya inaharibikia kwenye pembe zake. Toboa saizi kamili mara moja, kwa matundu ya hadi mm 10 hivi.

Nimesikia biti ya kutobolea ukuta inafaa. Kweli?

Kweli, ikinolewa. Ncha yake ni kabidi, ngumu kuliko bamba lolote la ukurasa huu, lakini inatoka dukani ikiwa butu kwa ajili ya kugonga zege. Inoe kwa gurudumu la almasi au lile la kijani, ipate makali ya kukata, na itumie bila mtikisiko wa kugonga. Inavunjika ikipindishwa kidogo tu. Ni njia ya dharura; biti ya kobalti bado ni bora kwa mtu mwenye matundu zaidi ya mawili.

Nikatie nyuzi za bolti ndani ya bamba?

Kwa M6 na kuendelea kwenye 400 au 450 mwenye subira anaweza. Mimi sikushauri. Kikatia nyuzi kikivunjikia ndani, kutoka kwake ni kazi kubwa kuliko kutoboa. Pitisha bolti moja kwa moja na ufunge nati nyuma, au chomelea nati ya chuma laini upande wa ndani.

Matundu ya leza yalitoka madogo. Niyapanue kwa drili?

Ukingo wa leza una ngozi nyembamba iliyopashwa na kupoa ghafla, ngumu na yenye kukatika. Inameza biti. Saga ngozi hiyo kwa jiwe dogo la kusagia ndani ya tundu, au rekebisha mchoro na ukate upya. Kwa mchoro ujao, tundu lisiwe dogo kuliko unene wa bamba.

## Kukunja na kuchomelea

Linakunjika?

450 linakunjika, likiwa baridi, kwenye mashine ya kukunja yenye nguvu. Usilipashe moto ili likubali, utakuwa umerudi kwenye swali la buluu. Kwa bamba jembamba anza na nusu kipenyo cha ndani kisichopungua mara nne ya unene: mm 12 kwa bamba la mm 3. Kwa 500 ongeza hadi mara tano. Mstari wa mkunjo uvuke mwelekeo ambao bamba lilifinyangwa kiwandani, na kingo zisagwe laini kwanza, kwa sababu ufa huanzia kwenye mkwaruzo wa ukingoni.

Litarudi nyuma sana ukiachia, nyuzi 11 hadi 18 za pembe kwa 450, kwa hiyo pitiliza. Na usisimame mbele ya mkunjo. Bamba likikatika wakati huo kipande kinatoka kwa kasi, simama kando.

Huna mashine hiyo? Kata vipande viwili, viunganishe kwa bolti na pembe ya aluminiamu.

Naweza kuchomelea kwa mashine yangu ya kawaida?

Ndiyo. Tumia vijiti vya E7018, au waya wa ER70S-6. Chuma cha mshono kiwe laini kuliko bamba. Mshono laini unanyooka, mshono mgumu unapasuka. Kwa unene wa roboti hakuna haja ya kupasha bamba kabla, ila liwe kavu, bila rangi wala kutu.

Adui ni haidrojeni, na chanzo chake ni unyevu. Vijiti vya E7018 vilivyokaa wazi dukani Mombasa au Tanga vimeshakunywa hewa ya bahari. Nunua pakiti iliyofungwa, au vikaushe kwenye tanuri kama pakiti inavyoelekeza. Ufa wa haidrojeni hautokei papo hapo. Unaweza kujitokeza siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo usichomelee usiku wa kuamkia pambano.

Pembeni ya mshono patalainika, hilo halikwepeki. Panga mishono iwe mahali ambapo mpinzani hafiki. Na bapa linalozunguka usilichomelee kabisa.

## Maswali ya pembeni

Nikilainisha kimakosa, naweza kulitia ugumu tena?

Kwa nadharia ndiyo. Kwa jiko la mkaa na ndoo ya maji, utapata bamba lililopinda, gumu huku na laini kule, na hutajua ni wapi. Anayetaka kutia ugumu mwenyewe anunue chuma kinachouzwa kikiwa laini kwa ajili hiyo, kama S7, ambacho wajenzi wa Marekani hukipenda kwa bapa.

Kutu? Naweza kulipaka zinki?

Linashika kutu kama chuma kingine. Rangi ya kawaida au mafuta yanatosha. Zinki ya kuchovya ina joto la karibu nyuzi 450, na asidi inayotangulia huingiza haidrojeni. Ni njia mbili za kuliua kwa mara moja. Rangi ya unga huokwa karibu na nyuzi 180 hadi 200, inavumilika kwa 450 na 500, si kwa 600. Kuondoa magamba kwa kuloweka kwenye siki usiku kucha, kama wafanyavyo wanaotengeneza visu, nako kuache. Saga.

Bapa ninole kama kisu?

La. Makali membamba yanamomonyoka kwenye pigo la kwanza. Acha uso wa kugonga uwe karibu wima.

Nitaonaje nyufa baada ya pambano?

Safisha sehemu hadi iwe kavu. Paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi na tano, futa kabisa kwa kitambaa. Kisha paka chaki iliyosagwa, nyembamba. Ufa unayarudisha mafuta, na mstari mweusi kama unywele utajichora juu ya chaki. Angalia hasa kuzunguka matundu ya bolti na kona za ndani. Bapa lenye mstari huo halirudi kwenye roboti, hata liwe limebakiza pambano moja.

Nilijaribu bapa sebuleni kwa kasi ndogo tu. Kuna ubaya?

Upo. Bapa la mm 200 kwa 30 kwa 4 lina uzito wa gramu 188. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika ncha yake inakwenda mita 84 kwa sekunde, karibu kilomita 300 kwa saa, na bapa zima limehifadhi jouli 220. Na kasi ndogo huwa haibaki ndogo kidhibiti kikipoteza mawimbi. Jaribu ndani ya sanduku la polikaboneti nene lenye mfuniko uliofungwa, wewe ukiwa nje. Kufuli ya bapa iwekwe kabla ya betri kuunganishwa, na itolewe ya mwisho.